Kikundi chetu kinataka bima ya afya, lakini vijana hawataki kuwabeba wagonjwa

Shikamoo Mama,

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Ilula, mkoani Iringa. Tuko wanachama 38. Wengi ni wakulima wa nyanya na vitunguu, na sisi wengine tuna shughuli ndogondogo kandokando ya barabara kuu: mama lishe, wauza mitumba, fundi pikipiki, vijana wawili wenye duka la pembejeo, na mimi ni fundi cherehani. Hakuna hata mmoja mwenye ajira ya kukatwa mshahara, kwa hiyo hakuna mwenye kadi ya bima ya kazini.

Tunakutana kila Jumatano. Tunanunua hisa, tunakopeshana, na kila mtu anaweka shilingi 500 kwenye mfuko wa jamii, ule wa misiba na maradhi. Mwezi Februari mume wa mwenzetu alifanyiwa upasuaji wa utumbo uliojisokota. Bili ilifika shilingi 1,460,000. Mfuko ulikuwa na 720,000, tukautoa wote, tukachangishana tena, bado haikutosha. Yule mama akauza nyanya zake zikiwa shambani, mbichi, kwa bei aliyoipanga mchuuzi. Msimu wake wote ukaishia hapo.

Tangu siku hiyo kila kikao ni bima, bima. Mwenyekiti anataka tuwe na bima yetu wenyewe: kila mwanachama atoe 5,000 kwa mwezi, na anayeugua alipiwe. Halafu amekuja kijana anayesema ni wakala wa kampuni ya bima. Anasema watu wakifika 30 wanapewa bei ya kikundi, na anataka orodha ya majina na fedha zitumwe kwenye simu yake kabla ya mwisho wa mwezi. Na yupo mwandikishaji wa hapa kwetu wa CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, ambaye kila siku anatukumbusha 30,000 kwa kaya.

Ugomvi uko hapa, Mama. Tuna mzee wetu wa vitunguu, ana miaka 67 na kisukari cha muda mrefu. Tuna mama mwingine ambaye ameambiwa figo zake zinaelekea kushindwa. Vijana wamesema wazi kwamba hao wawili ndio watakaokula michango yote, kwa hiyo walipe mara mbili au wakae pembeni. Fundi pikipiki alisema, "Mimi sijalazwa tangu nizaliwe, nimlipie nani?" Upande wa pili, akina mama kadhaa wanasema kwa nini tuandikishe watu 38? Tuandikishe wale sita wanaoumwa, kikundi kiwalipie, basi.

Mwenyekiti ameagiza Jumatano ijayo kila mtu asimame aseme maradhi yake, mimi niandike daftarini, ndipo tuamue. Na yule wakala aliniita pembeni akaniambia nisiandike kisukari cha mzee kwenye fomu.

Sijui nianzie wapi. Tuanzishe ya kwetu, tumfuate wakala, au twende CHF? Vijana niwaambie nini? Na mfuko wa jamii sasa una 190,000 tu, tuzitumie kuanzia?

Katibu, Ilula
Mei 2024

*

Marahaba mwanangu.

Poleni sana kwa yaliyompata mume wa mwenzenu, na mpe pole mkewe. Kuuza nyanya mbichi shambani kwa ajili ya bili ya hospitali ni hasara mbili kwa mpigo, na najua msimu ujao atauanza kwa mkopo wa mbegu na dawa. Ndiyo maana nimeisoma barua yako kwa makini, na nitakujibu kwa kirefu.

Naanza na Jumatano ijayo kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Usiandike maradhi ya watu kwenye daftari la kikundi. Mwambie mwenyekiti kwa heshima, faragha, kabla ya kikao, na umweleze sababu. Katika watu 38 wazima kuna mambo ambayo hata mwenza wa ndani hajaambiwa. Yupo anayekwenda kuchukua dawa za kufubaza virusi kituo cha mbali ili asionwe na majirani. Yupo mwenye ugonjwa wa akili unaotulia kwa dawa. Yupo binti ambaye mimba yake haijatangazwa. Ukiwasimamisha mbele ya wenzao, watasema uongo au wataacha kikundi, na vyote viwili vinawaumiza. Tena sheria ipo: Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa ni za kulindwa zaidi ya nyingine. Daftari linalozunguka na sanduku la kikundi kila Jumatano halina ulinzi wa aina hiyo. Pale ambapo mfuko wa bima unahitaji kujua historia ya ugonjwa wa mtu, mtu huyo ajaze fomu yake mwenyewe na aikabidhi mwenyewe.

Na kwa mpango nitakaokushauri, hamhitaji kujua nani anaumwa nini.

Sasa bima yenu wenyewe. Namheshimu mwenyekiti kwa nia yake. Nia hiyo si ngeni: katikati ya miaka ya 1990 mafundi na wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam walianzisha UMASIDA, umoja wa matibabu wa sekta isiyo rasmi, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Lakini ule ulikuwa umoja wa vikundi vingi vilivyounganika na kuingia makubaliano na zahanati. Kikundi kimoja cha watu 38 ni kitu kingine kabisa. Kaa na mwenyekiti, shikeni kalamu. Watu 38 mara 5,000 ni 190,000 kwa mwezi, yaani 2,280,000 kwa mwaka. Upasuaji mmoja kama ule wa Februari unabakiza 820,000. Wa pili mwaka huohuo hamuwezi kuumaliza. Na hapo hamjanunua hata dawa moja ya malaria.

Kisha tazama ugonjwa mkubwa. Mgonjwa wa figo aliyefikia kusafishwa damu huenda mara tatu kwa wiki, mara 156 kwa mwaka. Tuchukulie kila awamu ni laki mbili, ili tupate hesabu tu. Hiyo ni shilingi 31,200,000. Mkiigawana 38, kila mmoja anatoa zaidi ya 821,000 kwa mwaka kwa ajili ya mtu mmoja. Kikundi kitakufa, na mgonjwa atabaki na lawama juu ya ugonjwa. Lakini mzigo huohuo ukigawanywa na watu 38,000, kila mmoja anatoa shilingi 821, bei ya soda na chenji. Ugonjwa ni uleule, gharama ni ileile, kilichobadilika ni idadi ya waliobeba. Ndiyo sababu nasema msibebe hatari ya ugonjwa nyinyi wenyewe, hata mkiongeza mchango ukawa 10,000. Mfuko wa jamii wa kusaidiana uendelee, huo ni halali na ni mzuri. Lakini kuahidi matibabu kwa malipo ni biashara ya bima, na biashara ya bima nchini inasajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Hayo tukiyaelewa, majibu ya vijana na ya wale akina mama yanatoka mahali pamoja.

Akina mama wanaosema tuandikishe sita wanaoumwa hawana roho mbaya, wanataka kuokoa fedha. Ila mpango wa namna hiyo umeshajaribiwa nchi nzima na umeshaonekana. Toto Afya Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ilikuwa 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi wengi waliikimbilia mtoto alipokuwa tayari mgonjwa, na wenye watoto wenye afya njema wakakaa nayo mbali. Malipo ya hospitali yakazidi michango mara nyingi, na Machi 2023 mfuko ukasitisha kumwandikisha mtoto mmojammoja, ukaelekeza watoto waingie kupitia shule au pamoja na familia. Wazazi walilia sana, na nawaelewa, kwa sababu walioumia zaidi ni wenye watoto wagonjwa kweli. Lakini hakuna mfuko unaoweza kuishi kwa wagonjwa peke yao. Ukiona mfuko wowote unataka kundi zima, familia nzima au darasa zima, sababu ni hiyo. Hata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023 imesimama juu ya jambo hilohilo: kila mkazi aingie, na wasio na uwezo walipiwe kwa mfuko maalumu.

Kwa hiyo kwenu ni wote 38 na kaya zao, au msianze. Hapa nina msimamo na silegezi.

Vijana waambie hivi, na uwaambie bila kuwakemea maana hoja yao si ya kipumbavu. Ni kweli kwamba mwaka huu mzee atatumia zaidi yao. Lakini fundi pikipiki anajaribu pikipiki za watu kwenye barabara ya Tanzam, barabara inayopita malori ya Zambia usiku na mchana. Mfupa wa paja ukivunjika haumuulizi mtu kama aliwahi kulazwa. Wale wa duka la pembejeo wanashika viuatilifu kila siku. Wake zao watajifungua, na kujifungua kwa upasuaji hakutabiriki. Kijana hanunui bima kwa ajili ya kisukari cha mzee. Ananunua kwa ajili ya siku yake mwenyewe ambayo haijui, na bei inakuwa ndogo kwa sababu ameingia kabla ya siku hiyo. Akisubiri mpaka auone ugonjwa, atakuwa ndiye yule anayeambiwa akae pembeni.

Suala la mzee kulipa mara mbili nalipinga moja kwa moja. Mkianza kupandisha bei kwa mwenye kisukari, kesho mtapandisha kwa mjamzito, keshokutwa kwa aliyepata ajali, na mwisho kila mmoja atarudi kulipa bili yake peke yake kama Februari. Ila kuna tofauti moja ambayo ni ya haki: mwenye watu wengi nyumbani alipe kwa idadi ya watu wake. Hilo ni suala la vichwa, wala halihusu maradhi, na wanachama watalielewa.

Yule wakala sasa. Mambo mawili yananitosha kumkataa: anataka fedha kwenye simu yake, na amekushauri ufiche ugonjwa. Mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli uliouandika. Kampuni ikigundua kisukari kilifichwa, ina haki ya kukataa kulipa, na hapo wakala hatakuwepo. Aliyejaza fomu atakuwa wewe katibu. Kama kweli ni wakala, atakuonyesha leseni na jina la kampuni, na unaweza kuthibitisha TIRA. Fedha za bima huingia kwenye akaunti ya kampuni, na za mifuko ya serikali hulipwa kwa kontroli namba, hazipiti kwenye mfuko wa shati la mtu. Usimpe orodha ya majina na namba za vitambulisho pia.

Sisemi kampuni binafsi zote ni mbaya. Nasema kwa kundi dogo kama lenu zina tabia moja ya kuijua mapema: mwaka wa kwanza mnapewa bei nzuri, na mwaka wa pili bei inapangwa kwa kutazama mlivyotumia. Watu 38 wakipata upasuaji wawili na mzee akalazwa, bei ya mwaka wa pili inaweza kuwakimbiza. Mkiwahi kuzungumza na kampuni yoyote, ulizeni bei ya kurudia inapangwaje, kikomo cha matibabu kwa mwaka ni kiasi gani kwa kulazwa na kwa kutibiwa na kurudi nyumbani, uzazi umo au haumo, na muda wa kusubiri ni miezi mingapi kwa magonjwa ya zamani. Ombeni orodha ya hospitali kwa maandishi. Kadi isiyofanya kazi Ilula wala Iringa mjini haina maana kwenu, hata kama inapokelewa kwenye hospitali nzuri ya Dar es Salaam.

Sasa tuone fedha zenu zinaweza kununua nini. Kwa kiwango cha 2024, CHF iliyoboreshwa ni 30,000 kwa kaya isiyozidi watu 6 kwa mwaka. Kaya 38 ni 1,140,000. Rudi kwenye hesabu ya mwenyekiti: 5,000 kila mwezi inaleta 2,280,000. Kadi za kaya zote zinakula nusu kamili, na nusu nyingine inabaki mikononi mwenu. Yaani kwa fedha ileile ambayo ingeishia kwenye upasuaji mmoja na nusu, watu wapatao mia mbili wanapata kadi kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, na bado mna akiba ya 1,140,000.

Sitakudanganya kuhusu CHF. Mfuko huu ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ukapata sheria yake 2001, serikali ikaongeza kwa mtindo wa tele kwa tele, yaani kuchangia sawa na walichochanga wanachama, na ukaboreshwa 2018 ili kadi ivuke mpaka wa kituo kimoja. Malalamiko yake ya siku zote ni dawa: unafika na kadi, unaandikiwa dawa, unaambiwa kanunue nje. Pia lazima ufuate ngazi, uanze zahanati au kituo cha afya, upewe rufaa. Mtu akiruka ngazi, kadi haimsaidii. Na haikuundwa kwa matibabu ya kibingwa kama kusafisha damu. Lakini bili kama ile ya Februari, mgonjwa akipita kwa rufaa mpaka hospitali ya mkoa, ndiyo hasa aina ya bili ambayo kadi hii imewekwa kuizuia isiuze nyanya za mtu.

Ngazi ya juu ni NHIF. Kwa wakulima walio kwenye AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya mazao, kuna Ushirika Afya, kwa viwango vya 2024 ni 76,800 kwa mwanachama kwa mwaka na 50,400 kwa mtoto. Mwanachama peke yake ni 6,400 kwa mwezi, unaona haiko mbali na ile 5,000 mliyokwisha kuikubali. Uzito unakuja kwenye familia: mume, mke na watoto watatu ni 304,800. Kwa mama lishe hilo ni jambo zito, na singependa mtu akope kwa riba kulipa bima. Tena mpango huo unapitia ushirika uliosajiliwa, kwa hiyo wakulima wenu wanaweza kuingia na nyinyi mafundi mkabaki nje. Tumeni watu wawili ofisi ya NHIF Iringa, wachukue barua rasmi ya viwango vya sasa na utaratibu wa kikundi chenye mchanganyiko kama chenu. Wapeleke na cheti cha usajili wa kikundi. Kama hamjasajiliwa halmashauri ya Kilolo kwa daraja la nne chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anzeni na hilo, kwani bila cheti hamtapata mkataba wa kikundi popote.

Ushauri wangu ni kwamba mwaka wa kwanza kaya zote ziingie CHF siku moja, na wale wenye uwezo au wenye AMCOS wapande NHIF wenyewe kwa hiari, bila kutoka kwenye mchango wa pamoja.

Na hapa ndipo nguvu ya kikundi ilipo, mahali ambapo sijaona mkipataja kwenye ugomvi wote. Mkulima wa nyanya hana fedha Februari, anazo akivuna. Mama lishe anazo kidogokidogo kila siku. Fundi cherehani anazo karibu na Krismasi na wakati wa sare za shule. Kadi inataka fedha zote kwa mara moja. Mtu peke yake anashindwa hapo, kadi yake inaisha muda mwezi mbaya, na ugonjwa unaingia kwenye pengo hilohilo. Kikundi chenye sanduku kinaweza kulipa 1,140,000 kwa mkupuo kutoka kwenye fedha za mkopo, kisha kila mtu akarejesha kwa kalenda ya kazi yake: mama lishe kila Jumatano, mkulima anapouza matenga yake. Mkopo huo usiwe na riba. Asiyerejesha akatwe kwenye hisa zake wakati wa mgawo, na liandikwe kwenye katiba kabla ya kutoa hata shilingi. Kadi za kaya zote ziwe na tarehe moja ya kuisha, ili ukumbushe watu wote siku moja. Hiyo ni kazi inayokufaa wewe katibu kuliko kuandika maradhi.

Wale wawili wasisubiri mpaka mkutano uamue. Mzee ana miaka 67. Sera ya afya inatoa msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo katika vituo vya umma. Kama hana kitambulisho cha matibabu ya wazee, aende kwa mtendaji leo. Hilo halimtoi kwenye bima ya kikundi, maana mkewe na wajukuu anaowalea wanaihitaji kadi, na msamaha bila dawa dirishani haumtoshi mtu wa kisukari. Ila unapunguza mzigo, na vijana walijue. Kama kuna kaya yenu iliyomo TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, nayo iulize kwa mtendaji kuhusu utaratibu wa wasio na uwezo chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Mama wa figo nina hofu naye zaidi. Mwambie, wewe mwenyewe, mkiwa wawili, aende na mwenza wake ofisi ya NHIF aulize ni kifurushi gani anaweza kuingia sasa na kama kusafisha damu kumo. Mfuko hulipia huduma hiyo kwa wanachama wake lakini vifurushi vinatofautiana, na asiandike uongo kwenye fomu. Hospitali anakotibiwa ina ofisi ya ustawi wa jamii. Afike hapo kabla bili haijaanza. Na aendelee na kliniki bila kukosa, kudhibiti shinikizo la damu na sukari kunaweza kuzisogeza figo hizo miaka. Kama nauli ya kliniki ndiyo inayomshinda, hilo kikundi kinaliweza.

Ndipo tunafika kwenye 190,000 zenu. Msizitumie kununulia kadi. Kadi zilipwe na mkopo wa kikundi kama nilivyoeleza, na mfuko wa jamii ubaki kwa vile ambavyo kadi hailipi: bodaboda ya usiku kwenda kituo cha afya, dawa iliyokosekana dirishani, chakula cha anayemuuguza mgonjwa Iringa mjini, nauli ya kliniki ya mama wa figo. Wekeni kiwango cha juu kwa tukio moja, kwa mfano 60,000, ili mtu mmoja asiumalize tena. Kwa 500 za kila Jumatano mtaujaza polepole, na ile nusu iliyobaki kwenye mchango wa 5,000 mnaweza kuuongezea.

Jumatano ijayo mwombe mwenyekiti nafasi ya agenda moja tu: hesabu ya 2,280,000. Iandike kwa chaki au kwenye karatasi kubwa, upande mmoja upasuaji mmoja na nusu, upande wa pili kadi 38 na akiba. Waache vijana wazihesabu wenyewe kabla hujasema neno. Kisha pigeni kura, na mkikubaliana, mwandikishaji wa CHF aje Jumatano inayofuata na simu yake aandikishe kaya zote palepale mkiwa mmekusanyika. Kila mtu aje na majina ya watu wake na kitambulisho, na picha zipigwe siku hiyohiyo.